Seva ya Muktadha Kwenye Laptopu: Inalipa Lini?

Msanidi programu akilalamika siku hizi kwamba msaidizi wake wa akili mnemba ameita funksheni ambayo haipo kabisa kwenye mradi, wenzake humpa jibu moja: weka seva ya MCP (Model Context Protocol), yaani programu inayompa msaidizi zana za kusoma mradi wako. Ushauri huo una mashiko. MCP ni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano kati ya msaidizi na zana za nje, iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, OpenAI wakaikubali Machi 2025, na Desemba 2025 ikawekwa chini ya Linux Foundation, kwa hiyo haielekei kuwa mtindo wa msimu mmoja. Lakini itifaki kuwa nzuri ni jambo moja, na wewe mwenye mradi wa mafaili mia mbili kuhitaji seva ya kumsomea msaidizi msimbo wako ni jambo jingine.

Seva yenyewe ni programu ndogo tu. Kwenye faili la mipangilio unaandika amri ya kuiwasha. Programu ya kuandikia msimbo yenye msaidizi, kama Cursor, VS Code au Claude Code, ikifunguka, inaiendesha seva hiyo na kuzungumza nayo kwa ujumbe wa JSON-RPC, yaani maandishi yenye mpangilio maalumu, kupitia stdin na stdout, njia za kawaida za programu kupokea na kutoa maandishi. Hakuna bandari ya mtandao inayofunguliwa. Seva inatangaza zana zake, kila moja na jina, maelezo na vigezo vyake, kisha modeli inasoma maelezo hayo na kuamua yenyewe lini iite ipi. Hapo ndipo wengi hukwama asubuhi nzima: wanaweka `print("seva imeanza")` ili kuona kama mambo yanakwenda, sentensi hiyo inapita kwenye stdout ileile ya JSON, na msaidizi anakutana na maneno asiyoyaelewa katikati ya mazungumzo. Kumbukumbu za seva ziende stderr, njia ya pembeni ya ujumbe wa makosa, basi.

Hoja nzito kuliko zote upande wa wanaoitetea seva ni marejeo, yaani kujua funksheni fulani inaitwa wapi na wapi. Chukua mfumo wa SACCOS wenye funksheni iitwayo `hesabu` kwenye moduli ya mikopo, na nyingine yenye jina hilohilo kwenye moduli ya mishahara. Mwambie msaidizi abadilishe ile ya mikopo. Akitafuta kwa grep, amri inayosaka neno ndani ya mafaili, atapata zote mbili, pamoja na maoni ya ndani ya msimbo, majaribio, na pengine faili la maandishi ya skrini lenye neno "hesabu" mara arobaini. Seva iliyojengwa juu ya LSP (Language Server Protocol), itifaki ambayo Microsoft waliitoa 2016 na ambayo programu za kuandikia msimbo hutumia kukurusha hadi funksheni ilipoandikwa, inajua nani anamwita nani. Serena, mradi wa chanzo huria, unafanya kazi hiyohiyo: unaiuliza marejeo ya alama fulani, inakurudishia mistari michache inayohusika. Tokeni, vipande vya maandishi ambavyo modeli husoma, zinapungua, na modeli haizami kwenye takataka. Kwenye msimbo mkubwa wa Java au TypeScript, ambako aina za data zimeandikwa wazi, sijaona njia ya mkato inayofikia hapo.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Claude Code yenyewe hutafuta ndani ya mradi kwa glob, inayosaka majina ya mafaili, na grep, na walioiunda wamesema hadharani kwamba mwanzoni walijaribu faharasa ya vekta, yaani orodha ya msimbo iliyoandaliwa mapema ili kutafutwa kwa maana, wakaiacha, kwa sababu kumwachia modeli atafute mwenyewe kulitoa matokeo bora. Faharasa ina ugonjwa wake: ukihama tawi la git, yaani toleo sambamba la mradi, bila kuijenga upya, inaendelea kumweleza msaidizi mambo ya tawi ulilotoka, na kwa kujiamini kabisa. Halafu kuna gharama isiyoonekana. Maelezo ya kila zana huchukua nafasi kwenye muktadha, yaani maandishi ambayo modeli inaweza kuyashika kwa wakati mmoja, mara nyingi hata pale zana isipoitwa. Mtu anaweka seva tano zenye zana kumi na tano kila moja, kisha anashangaa kwa nini msaidizi amekuwa mzito na anachagua zana isiyo sahihi.

Ninalolipinga waziwazi ni kauli kwamba seva ikiwa kwenye mashine yako, msimbo hautoki nje. Unatoka. Seva inasoma faili hapo ulipo, lakini jibu lake linaingia kwenye muktadha wa modeli, na modeli nyingi zinazotumika kazini ziko kwenye mashine za kampuni nyingine, mbali. Kama folda ya majaribio ina nakala ya wateja halisi, na namba zao za simu, hapo umekwisha kuingia kwenye eneo la sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 au ya Tanzania ya 2022. Anayetaka kila kitu kibaki nyumbani itabidi aendeshe na modeli yenyewe nyumbani, kwa mfano kwa Ollama, programu ya kuendeshea modeli kwenye kompyuta yako. Laptopu ya RAM ya GB 16 itabeba modeli ya vigezo bilioni nane (namba za ndani zinazopima ukubwa wake) iliyobanwa, ila asitegemee ifikie zile kubwa kwenye kazi ya mafaili mengi.

Na seva inaendeshwa kwa ruhusa zako wewe. Septemba 2025 kifurushi cha npm, hazina ya programu za JavaScript, kiitwacho postmark-mcp, kilichotumia jina la huduma ya barua pepe ya Postmark bila Postmark kuhusika, kilikutwa na mstari mmoja ulioongezwa kwenye toleo la 1.0.16: kila barua iliyotumwa kupitia kwake ilipelekwa nakala kwa mtu mwingine kimyakimya. Matoleo ya awali yalikuwa safi. Ndiyo maana amri ya `npx -y`, inayopakua kifurushi na kukiendesha bila kuuliza, isiyotaja toleo inanitia wasiwasi kuliko msimbo wa seva wenyewe. Leo umekagua, kesho inaweza kushuka nyingine.

Kwa mradi mdogo, basi, ningeanza na faili fupi la AGENTS.md linalomweleza msaidizi mpangilio wa folda na amri ya kuendesha majaribio, niache ripgrep, aina ya grep yenye kasi, ifanye kazi yake. Seva ningeijenga pale maswali ya "nani anaita hii" yanaporudi kila siku, nayo iwe na zana tatu au nne za kusoma tu, toleo lake likiwa limetajwa wazi ili lisibadilike lenyewe. Seva ya pili ambayo ningeifikiria ni ya muundo wa hifadhidata, kwa sababu grep haioni jedwali lililobadilishwa moja kwa moja kwenye seva ya kazi. Hiyo nayo ipewe akaunti yenye SELECT, ruhusa ya kusoma, peke yake, kwenye nakala iliyojazwa majina ya kubuni.