Nimemlenga Jirani, Imeungua Kanzu

Aliyeanza ni pembe ya jengo. Tulipanga ghorofa ya nane kule Xiaobei, Guangzhou, mimi na kijana mmoja wa Tanga, na roshani yetu ikatazamana na kona kali ya jengo la upande wa pili, imetuelekea kama kisu cha mchinjaji. Ayi mwenye nyumba (ayi ni mama mdogo, ndivyo tulivyomwita) alipofuata kodi yake aliitazama ile kona, akafyonya. "Sha," akasema.

Sha ni nguvu mbaya ambayo watu wa feng shui, elimu ya Kichina ya kupanga nyumba ili ilete heri, husema huja kwa mstari ulionyooka: pembe ya jengo, barabara inayochoma moja kwa moja mlangoni, nguzo iliyosimama mbele ya dirisha. Kwetu tungeiita husda, tukafukiza ubani, basi. Lakini mzigo wangu wa taa ulikuwa umekwama ghalani wiki ya tatu, na mgonjwa wa aina hiyo hachagui mganga.

Dawa ni bagua: ubao wa pembe nane, kioo katikati, pembeni alama nane za mistari mitatu mitatu, mingine mizima, mingine imekatika. Hutundikwa nje, ndani kamwe, na alama ya mistari mitatu mizima, qian, hukaa juu. Kioo bapa hurudisha kilichokuja; kilichobinuka nje hukitawanya; kilichobonyea ndani hukimeza. Nilinunua cha kubinuka, yuani 15, nikakitundika, nikalala usingizi wa tajiri.

Asubuhi mzee wa upande wa pili naye kaning'iniza chake, kikubwa zaidi, kinanitazama machoni. Kosa lilikuwa langu: bagua haielekezwi dirisha la mtu, maana unachokifukuza wewe anakipokea yeye. Ila hata Hong Kong, tangu mnara wa Benki ya China ufunguliwe 1990 na kingo zake kama panga, watu husimulia kwamba zile winchi za juu ya paa la benki ya HSBC ni mizinga ya kuujibu. Mabenki yakigombana hivyo, mimi mchuuzi wa taa niombe radhi kwa lipi?

Nikaamua kumeza. Bagua za kubonyea zilikuwa na vioo vidogo kama sarafu, na mimi nilitaka kumkomoa mtu. Nikachukua kioo cha kunyolea, kile kinachokuza uso, kipenyo sentimita 20, nikakifunga kwa waya kwenye reli ya roshani, nikakiinua kitazame juu, kwenye kona.

"Kaka, hicho si cha ndevu?"

"Nyamaza, hii ni elimu."

Ilikuwa Julai, na Julai haikutokea kitu. Guangzhou iko karibu mno na Tropiki ya Kansa. Jua la kiangazi hupita utosini, na roshani ya juu yetu ilitukinga. Disemba jua hulala kusini, mchana linaingia roshani mpaka ukutani. Na kioo cha kunyolea hakijui sha wala baraka. Kinajua kuikusanya miale yote mahali pamoja, kama sentimita 40 mbele yake, kwenye kitone kidogo kuliko punje ya mahindi. Hapo hasa ndipo lilipofika pindo la kanzu ya mwenzangu, ile ya Ijumaa ya kwendea msikiti wa Xianxian. Ingekuwa nyeupe huenda ingenusurika, nyeupe hurudisha mwanga. Ilikuwa ya bluu iliyoiva.

Mwenzangu alidhani nimeunguza wali. Tulipotoka tukakuta moshi mwembamba unapanda kwa adabu zote kama wa chetezo, na kwenye pindo tundu lenye kingo nyekundu linatambaa pole pole kuelekea mashariki, kwa kuwa jua lilikuwa linaelekea magharibi. Nikamwagia nilichokuwa nacho mkononi. Chai ya maziwa.

Akaiinua kanzu, jicho moja likanitazama kupitia tundu. "Kaka, husda ya nani hii?"

Nikamweleza kwamba London, mwaka 2013, jengo zima lenye ukuta uliobonyea liliyeyusha vipande vya gari la Jaguar lililoegeshwa barabarani. Hakufarijika.

Ayi akaja, akakigeuza kioo kikatazama ukuta, akatuletea vyungu vitatu vya mimea ya majani mapana, akavipanga mpaka ukikaa kitini kona huioni tena. Kumbe dawa ya kawaida kabisa ni hiyo, na haimkasirishi mtu. Mzee wa ng'ambo, aliyeushuhudia moshi mwanzo mpaka mwisho, alikuwa ameshakishusha kioo chake.

Ayi alipofika mlangoni akageuka, akatazama huku na huku, akaninong'oneza: kile cha kunyolea nilikinunua duka gani?