Yowe la Usiku Kadutu Bado Linahitaji Jirani

Kwenye ukuta wa mbao, juu ya kichwa cha kitanda changu, kuna msumari, na kwenye msumari huo inaning'inia filimbi ya plastiki iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Imekaa pale miaka mingi hata imeacha alama yake ukutani. Mwezi uliopita kijana wa jirani, ambaye nilimfundisha kusoma alipokuwa mdogo, aliiona alipokuja kunisaidia kutengeneza taa ya sola, akaniuliza kwa heshima yote: "Papa, hii filimbi bado inakusaidia nini? Wezi wa siku hizi wana bunduki. Mtu akitaka kujilinda leo, naye atafute ya kwake." Siku ile sikumjibu, kwa sababu swali lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na tangu siku hiyo limekuwa likinikosesha usingizi.

Swali lenyewe ni la haki. Mahitaji ya raia wa kawaida ya kujilinda yamebadilika mno katika muda wa maisha yangu, na anayesema kwamba Bukavu ya leo, mji wetu huu wa mashariki mwa Kongo, inaweza kulindwa kama Bukavu ya wazazi wetu hajalala katika mitaa ya Cimpunda wala Panzi hata usiku mmoja. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba kila nyumba iwe na bunduki yake ni mbali sana, na mimi siko tayari kufika huko.

Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1970, mwizi wa Kadutu, sehemu hii ya Bukavu ninakoishi, alikuwa mtu wa kuvizia. Alichukua nguo zilizosahauliwa kwenye kamba, kuku, sufuria iliyoachwa nje ikauke, na mara nyingi watu walimjua yeye, walimjua mama yake, na walijua alikoviuza vitu hivyo. Baba alikuwa na fimbo ya mti mgumu nyuma ya mlango, na sikumbuki hata siku moja alipoiinua juu ya mtu. Alipozisikia hatua uani alikohoa kwa nguvu, akawasha kandili, akauliza kwa sauti ni nani, na yule wa nje aliruka ua akaenda zake. Kujilinda kulimaanisha kumjulisha mwizi kwamba umeamka.

Kilichouvunja utaratibu ule ni kuzagaa kwa silaha. Askari wasiolipwa mishahara walipora miji ya nchi hii mwaka 1991 na tena mwaka 1993. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu, na miongoni mwao walikuwamo askari wa jeshi lililoshindwa. Oktoba 1996 vita viliingia mjini, Agosti 1998 vikaanza upya, na Juni 2004 mji ulitekwa kwa siku chache na watu wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi, makamanda walioasi jeshi, siku ambazo wanawake wengi wa hapa hawawezi kuzisimulia mpaka leo. Kila jeshi moja lilipoondoka na jingine kuingia, silaha kadhaa zilibaki chini ya vitanda, zimefukiwa migombani, au mikononi mwa vijana wasio na kazi. Fimbo ya baba haikuwa na jibu tena. Mtu aliyetoka nje na panga kumkabili mwenye kalashinikovu alizikwa, na watu wa namna hiyo nimewasindikiza makaburini zaidi ya mara moja.

Ndipo tulipojifunza kupiga kelele kwa mpango, kwa filimbi na masufuria. Siwezi kusema ni avenyu gani, yaani njia gani na nyumba zake, iliyoanza, maana kila mtaa unadai sifa hiyo, lakini najua kwa nini njia hii inafaa. Wanyang'anyi wenye silaha ni wachache, na kitu wanachokihitaji kuliko risasi ni muda: muda wa kuvunja mlango wa chuma, wa kumtisha mwenye nyumba mpaka aseme fedha ziko wapi, na wa kuteremka kilima kabla njia hazijajaa watu. Kadutu imejengwa mtelemkoni, nyumba juu ya nyumba, bati la mmoja likigusa dirisha la mwenzake, na kati ya nyumba hizo zinapita njia nyembamba ambazo watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kugeuka ubavu. Ubanano huu tunaoulalamikia kila moto unapozuka ndio unaomtia mwizi hofu, kwa sababu anayeingia ndani sana hana njia nyingi za kutokea, na mlima ukishaamka muda wake umekwisha.

Usiku mmoja wa mvua, saa nane kasoro, nilisikia mlango wa chuma wa jirani wa chini ukipigwa nyundo, mapigo matatu, kimya, mapigo matatu tena. Mke wangu alikuwa ameshaketi, sufuria ya bugali mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. Nilipuliza filimbi nikiwa nimelala sakafuni, chini ya usawa wa dirisha, kama tulivyokubaliana sote, kwa sababu risasi hupita kwenye mbao zetu kama sindano kwenye kitambaa. Kabla sijavuta pumzi ya tatu nyumba ya juu ilijibu, kisha ile iliyo karibu na mfereji, na mara kilima chote kikawa kinalia bati na chuma. Walipiga risasi mbili hewani. Tukazidisha. Baada ya dakika kumi hivi walikuwa wameteremka kuelekea barabara kubwa, mlango umepinda lakini haukufunguka, na jirani yetu, mjane anayeuza samaki, alitoka akaketi kwenye ngazi ya nyumba yake akitetemeka, akauliza kama kuna anayeweza kumzibia sufuria, maana ameipiga mpaka imetoboka.

Ningependa kuishia kwenye usiku huo, lakini kelele hizo hizo ziliwahi kutuletea aibu ambayo avenyu yetu haijaimaliza. Jioni moja, giza limeshaingia na umeme umekatika, mtu alipiga yowe la mwizi, na vijana wakamkamata mgeni aliyekuwa akigonga milango. Nilipofika alikuwa chini, shati limechanika, na mmoja wao alikwisha kuleta tairi. Mgeni huyo alikuwa mwanafunzi aliyetoka Walungu, anatafuta nyumba ya shangazi yake, na kila mlango aliougonga alikuwa akiuliza jina la shangazi huyo. Aliokolewa na mama mmoja aliyelala juu yake na kukataa kuondoka. Sikuwa mimi niliyefanya hivyo, na ninalisema hili kwa sababu nilisimama pale kwa dakika ambazo sikupaswa kusimama.

Tangu jioni ile ninashikilia jambo moja, nalo ndilo ninalowaambia vijana kila mara: yowe letu ni la kufukuza, si la kukamata. Mwizi aliyekimbia ametupatia kila tulichokihitaji, yaani uhai wa jirani na mlango uliobaki mahali pake. Anayemfuata mpaka bondeni ili amchome moto ameacha kujilinda na ameanza kazi nyingine kabisa. Sheria inaliona jambo hili vilevile. Kanuni yetu ya Adhabu, ambayo msingi wake ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, haina kifungu cha jumla kinachoeleza kujihami, lakini mahakama na wanasheria wa Kongo wanaitambua haki hiyo kwa masharti: hatari iwe inatokea wakati huohuo, iwe ya dhuluma, na nguvu inayotumika isizidi hatari yenyewe. Mtu aliyefungwa mikono na kulazwa chini si hatari tena, hata kama kweli aliiba.

Wapo watakaoniambia kwamba hayo ni maneno ya wakati wa amani, na kwamba baada ya Februari 2025 hakuna hata wa kumkabidhi mwizi. Ninajua. Jeshi lilipoondoka na waasi wa AFC/M23 wakaingia mjini katikati ya mwezi ule, gereza kuu lilibaki wazi na wafungwa wakatawanyika, maghala yaliporwa, silaha ziliokotwa barabarani hata na watoto, na polisi tuliowajua, wazuri kwa wabaya, hawakuonekana tena. Katika wiki zilizofuata watu waliuawa na makundi ya raia katika mitaa mingi ya mji, mchana, mbele ya watoto wanaotoka shule. Ninaielewa hofu iliyozaa vitendo vile, kwa kuwa nami niliishi ndani yake. Lakini penye ukosefu wa hakimu ndipo kundi linapokosea kwa urahisi zaidi, kwa sababu hakuna atakayesikiliza upande wa pili kesho yake, na yule mwanafunzi wa Walungu, kama angegonga milango yetu katika majuma yale, nadhani hata yule mama asingetosha kumwokoa.

Kuna badiliko jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni mahali fedha zilipo. Benki zilipofunga milango, akiba za watu zilihamia ndani ya nyumba na ndani ya simu. Mama zetu wengi wamo katika AVEC, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na kila kikundi kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu: funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Utaratibu huo ulibuniwa ili wanachama wasiibiane, na kwa hilo unafaa sana, ila haukuwa na maana ya kumzuia mtu mwenye silaha, ambaye akilikuta sanduku analibeba na kufuli zake zote. Kinachomlinda mama wa nne ni kwamba watu wa nje hawajui ni yeye. Hata hivyo ninawasikia wanawake kwenye foleni ya maji wakitaja kwa sauti nyumba lilikohamishiwa sanduku, na mume wa mmoja wao analisimulia tena kwenye kibanda cha motari, waendesha pikipiki za abiria. Zamani mdomo mpana ulimgharimu mtu heshima yake. Leo unaweza kumgharimu usiku mzima wa mateso.

Simu nayo imekuwa nyumba ya pili isiyo na mlango wa chuma. Anayekushika njiani usiku hakuulizi tena pochi, anakuuliza namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money, na asiyetaka kukushika anakupigia tu, akidai ametuma fedha kwako kwa makosa na kukuomba umrudishie haraka mtoto anakufa hospitalini. Hapa filimbi yangu haina kazi, ninakiri. Wala bunduki haina.

Na wakati sisi wanaume tunabishana kuhusu mlango na panga, walio hatarini zaidi wako nje tayari. Katika sehemu za juu za Kadutu maji hutoka usiku wa manane, yakitoka, na wanaoamka saa kumi alfajiri na mabidoni ni wasichana na mama zao. Mji huu ndio mji wa hospitali ya Panzi, inayotibu wanawake waliobakwa, ambayo kazi yake ilimletea Daktari Denis Mukwege Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, kwa hiyo hatuna udhuru wa kutojua kinachoweza kumpata msichana gizani. Wanawake wa avenyu yetu walilipatia jibu wenyewe, bila kumngoja chifu: hawatoki chini ya watano, wa kwanza na wa mwisho wana tochi, na nyumba tatu za njiani huwasha taa zinapoyasikia mabidoni yakigongana. Sijaona mpango wa kujilinda ulio bora kuliko huo katika mji wote, nao haukugharimu chochote isipokuwa usingizi wa nyumba tatu.

Sasa nirudi kwa kijana wangu na bunduki yake. Sheria yetu ya silaha ya mwaka 1985 hairuhusu raia kuwa nayo bila kibali, lakini tuseme sheria imelala, tuseme ameipata. Ataificha wapi katika chumba kimoja chenye watoto wanne? Atafanyaje siku habari ikivuja, maana itavuja, na wale wale anaowaogopa wakaja hasa kwa sababu ya bunduki hiyo, ambayo kwao ina thamani kuliko redio na magunia yake yote? Vijana wakishakuwa watatu wenye silaha kwenye kona moja, wataanza kwa kulinda zamu, kisha wataomba pesa ya chai, kisha wataweka kamba barabarani. Ibara ya 190 ya Katiba ya mwaka 2006 inakataza mtu yeyote kuunda wanamgambo au kuwa na vijana wenye silaha, na inakiita kitendo hicho uhaini mkuu. Sidhani waandishi wake walikuwa wanawaza avenyu kama yetu, lakini nimeona makundi yanavyozaliwa, na hayaanzi na nia mbaya.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nyumba ambazo hazijibu filimbi. Watu wengi wamehama na wengi wamehamia tangu mwaka jana, na nyumba kumi yetu, ambayo zamani ilijua hata mgeni wa siku mbili, sasa ina wapangaji ambao hakuna anayejua majina yao. Mara ya mwisho tulipopiga masufuria nilihesabu nyumba nne zilizokaa kimya. Pengine waliogopa, pengine walitoka mahali ambapo kelele kama zile zilimaanisha ukimbie. Hakuna aliyewaeleza, nami nilikuwa miongoni mwa waliopaswa kuwaeleza. Nimezungumza na chifu wa avenyu ili mwenye nyumba asipokee mpangaji kabla hajamzungusha kwa majirani na kumwonyesha filimbi inapouzwa, na Jumapili iliyopita tulizitembelea mbili kati ya zile nne.

Kijana alikuja nasi kwenye nyumba hizo. Bado hajaniambia kwamba amebadili mawazo, na sitamlazimisha aseme. Nilimwambia tu, mbele ya mama yake, kwamba usiku wake ukifika nitapiga filimbi mpaka meno yaning'oke, lakini bunduki katika avenyu hii siitaki.