Usiing'oe Senti Katika Pete Yake

Senti ya bahati, yaani sarafu ya senti moja ya Marekani iliyozungushiwa pete ya alumini yenye tangazo, haipaswi kung'olewa katika pete yake, hata kama aliyeishika anadhani kwamba sarafu iliyo ndani ni adimu. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu mwezi uliopita, katika gulio la vitu vikuukuu hapa Buffalo, katika jimbo la New York, nilikuta kisahani kilichojaa pete tupu zilizochanwa kwa koleo, na kando yake senti zilizotolewa humo zikiuzwa moja moja. Kwenye pete mojawapo nilisoma jina la duka la viatu, mtaa lilipokuwa, na namba ya simu yenye tarakimu nne tu.

Mji huu ndio uliozizindua senti hizo, katika Maonyesho ya Pan-American ya mwaka 1901. Wengi huyakumbuka maonyesho hayo kwa sababu Rais William McKinley wa Marekani alipigwa risasi humo tarehe 6 Septemba, akafariki siku 8 baadaye. Lakini wageni walirudi makwao na kumbukumbu nyingine pia: senti mpya ya mwaka huo, imezungukwa na chuma cheupe, chepesi ajabu. Alumini ilikuwa bado kitu cha kushangaza. Bei yake ilikuwa imeshuka miaka michache tu iliyotangulia, baada ya Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa kugundua, kila mmoja kivyake, mwaka 1886, namna ya kuitenga kwa umeme; na maporomoko ya Niagara, yaliyowasha taa za maonyesho yale, yalikuwa tayari yakiendesha kiwanda cha alumini.

Utengenezaji wake unastahili kueleweka, maana ndio unaoonyesha ubaya wa koleo. Senti huwekwa ndani ya tundu la pete lililo kubwa kidogo kuliko sarafu, kisha vyote viwili hukandamizwa kwa pamoja kati ya mihuri miwili ya chuma. Alumini, kwa kuwa ni laini, husukumwa kuelekea ndani na kuishika sarafu pande zote, na kwa pigo hilo hilo maandishi hujichora juu ya pete. Hakuna gundi wala msumari. Ukiitoa sarafu, umevunja kitu kilichozaliwa mara moja.

Maandishi hayo ndiyo hazina. Upande mmoja huwa na alama ya bahati, kama kiatu cha farasi au jani la klova lenye vipande vinne, pamoja na maneno yenye maana ya "nitunze, hutafilisika kamwe". Upande wa pili huwa na jina la benki, fundi, muuza makaa au mgombea wa uchaguzi. Mwenye duka aliyebuni tangazo la namna hii aliwafahamu wanadamu vizuri: karatasi hutupwa siku hiyo hiyo, lakini nani hutupa pesa? Kwa sababu hiyo, maduka ambayo hayakuacha hata picha moja bado yanasomeka leo katika kipande kinachoenea kiganjani.

Kwa anayeanza kukusanya, ningeomba awe makini na mwaka ulio kwenye sarafu. Senti ya 1901 inaweza kuvikwa pete miaka mingi baadaye, kwa hiyo mwaka huo hauthibitishi umri wa pete. Soma anwani: ikiwa na namba ya posta ya ZIP, pete haiwezi kuwa ya kabla ya 1963. Wala usiisugue kwa dawa ya kung'arishia, kwani mng'ao wa leo utakuwa umefuta herufi.

Utengenezaji wa senti zenyewe sasa umesimamishwa. Za mwisho kwa matumizi ya kawaida zilipigwa chapa mjini Philadelphia tarehe 12 Novemba 2025. Nahofia kwamba watu watazidi kuzitafuta senti za zamani, na pete zitazidi kuchanwa.

Ile ya duka la viatu niliinunua hivyo hivyo, ikiwa tupu. Imepasuka katikati ya jina la mtaa, lakini ukiielekeza kwenye mwanga wa dirisha, ukingo wa ndani bado una mfuo wa duara, laini kabisa, mahali alumini ilipoikumbatia senti.