Mbuzi wa mfugaji na chui wa theluji: tatizo liko kwenye paa la zizi

Kila ukiibuka mjadala wa wafugaji wa milimani na wanyamapori watu wanagawanyika fasta, huku wanasema mifugo itolewe mlima upumzike, huku wanasema mfugaji yupo pale toka enzi za mababu aachwe. Mimi naegemea kwa mfugaji, ila wahifadhi wana hoja moja ambayo wafugaji huwa wanaikwepa, nayo ni nyasi. Kule Himalaya chui wa theluji anawinda bharal na ibex, wanyama wa jamii ya mbuzi wa kwenye majabali, na hao wanakula palepale wanapochungwa yaki, yaani ng'ombe wa manyoya marefu wa milimani, na mbuzi wa kufugwa. Mifugo ikizidi bharal wanapungua, chui naye njaa ikimbana anashuka zizini.

Lakini muulize aliyeamkia hasara. Chui kaingilia paani usiku, mbuzi wamebanana hawana pa kukimbilia, anaua mmoja baada ya mwingine halafu anakula mmoja tu. Mtu kama huyo ukamhubirie uhifadhi? Fidia nayo mpaka uthibitishe nani kaua, na tai wameshamaliza mzoga. Ladakh, kule milimani kaskazini mwa India, walichofanya ni kuweka wavu wa waya juu ya zizi na mlango unaofunga sawasawa, basi, na hiyo kwangu inashinda makaratasi yote ya fidia.

Na wanaosema ufugaji wa asili wenyewe ndo adui waangalie Italia. Milima ya Abruzzo mbwa mwitu (wale wa Ulaya, wolf, siyo mbwa mwitu wetu wa Afrika) hawakuwahi kuisha, kwa hiyo wachungaji walibaki na yale majibwa meupe makubwa yanayovalishwa kola za chuma zenye miiba ili yasikabwe shingo. Ufaransa waliwamaliza, wakakaa miongo bila mbwa mwitu, kondoo wakazoea kulala mlimani bila ulinzi wowote, sasa 1992 mbwa mwitu wakaonekana tena Mercantour, kwenye milima ya Alps upande wa Ufaransa, wamevuka wenyewe kutoka Italia, ikawa kilio. Mnyama ni yuleyule jamani, kilichopotea ni ujuzi wa mchungaji.

Sasa hivi mbwa wa ulinzi wamerudishwa Alps, ila nao hawajui tofauti ya mbwa mwitu na mtalii anayekatiza katikati ya kondoo, kwa hiyo kesi mpya huko ni watembea milima wanaolalamika kung'atwa.