Kabla hujaituma rupia yako Florida

Ukikaa siku hizi na wachache wetu tunaokusanya sarafu za zamani huku Kusini, kuanzia Mikindani mpaka Kilwa Masoko, utasikia kauli moja ikirudiwa: sarafu ambayo haijafungiwa kwenye kasha la NGC ya Florida au PCGS ya California, kampuni za Marekani zinazothibitisha sarafu, na kupewa namba ya gredi, yaani ya ubora wake, ni chuma tu. Mara nyingi anayesema hivyo ni muuzaji, na wateja wake wako nje ya nchi. Yule asiyetuma, anayetunza rupia zake nyumbani Shangani au Chuno hapa Mtwara, anaonekana mbahili, au mtu asiyejua thamani ya alichonacho. Naona anaonewa. Lakini nianze na wanaotuma, maana hoja wanazo.

Ya kwanza ni bandia. Rupia za Deutsch-Ostafrika, koloni la Wajerumani hapa kwetu, zinaghushiwa, hasa ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, yenye tembo aliyeinua mkonga. Ilitengenezwa kwenye karakana ya reli vita vikiwa vimepamba moto na bahari imefungwa na Waingereza, kwa hiyo hata iliyo halali haikosi kasoro. Jicho lisilozoea halitajua ipi ni kasoro ya Tabora na ipi ni ya mghushi wa juzi. Hapo kampuni inaweka dhamana yake: ikithibitisha kitu kisicho halali, italipa. Ya pili ni mnunuzi wa mbali. Mtu aliye Hamburg hawezi kuishika sarafu yako mkononi; anaingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni, analinganisha, anatoa hela. Ya tatu, ambayo mimi naiona nzito kuliko zote, ni warithi. Mzee akifariki watoto wanakuta kopo, na dalali wa kwanza kupita analibeba lote kwa bei ya chuma chakavu. Kasha lenye maandishi lingewasemea.

Kwa hiyo kama unayo rupia 15 ya Tabora, au sarafu ya rupia 2 ya 1893 au 1894, tuma bila kusitasita.

Ila tuulizane, ni nani huku anazo hizo? Vilivyomo kwenye makopo yetu ni heller, zile chenji za shaba za Mjerumani, zilizopigwa kwa mamilioni, senti za Mwingereza zenye tundu, shilingi za wafalme wa Uingereza akina George, rupia mojamoja zilizolika, na zile za mwanzo za Jamhuri, za mwaka 1966, mbuni kwenye senti 20 na sungura kwenye senti 50. Ada ya kupima sarafu moja ya kawaida ni dola ishirini na kitu, nayo haijagusa ada ya uanachama, posta ya kwenda yenye bima, posta ya kurudi yenye bima, na maelezo utakayotakiwa kutoa forodhani mzigo ukirudi. Heller moja iliyochakaa haifiki hata robo ya ada hiyo sokoni. Mkulima wa korosho hahitaji kuelezwa zaidi: gredi inatolewa na mwingine, makato yote ni yako.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa kutuma hulipitia juujuu, nami nitakaa nalo, kwa sababu ndilo linaloamua hatima ya sarafu nyingi za pwani yetu. Kipimo cha 1 mpaka 70 kinachotumiwa na kampuni hizi kimetokana na cha William Sheldon, Mmarekani aliyekitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao. Siku hizi kinapima sarafu za dunia nzima. Lakini ili upate namba, uso wa sarafu uwe haujaharibiwa. Ikionekana imesuguliwa, imetobolewa, imewahi kuunganishwa na kikuku cha kuning'inizia, haipewi namba. Kwenye lebo inaandikwa «Details», na kando yake kosa lake: imesafishwa, ina tundu, ilikuwa pambo. Ada umelipa ileile.

Sasa chukua rupia yoyote iliyokaa kwenye familia ya hapa kwa miaka mia moja. Iweke chini ya lenzi, uigeuzegeuze kwenye mwanga wa dirisha. Kaiser, mfalme wa Wajerumani, yupo na kofia yake ya chuma, GUILELMUS II IMPERATOR inasomeka vizuri. Ila juu ya shavu, ukivuka uwanja mtupu ulio mbele ya pua, mpaka juu ya herufi, kuna mikwaruzo myembamba kama ya unywele, mingi, yote imelala upande mmoja. Chini ya herufi, pale kidole hakifiki, uchafu mweusi bado umeganda. Hiyo ni ndimu na mchanga, au majivu, au ile dawa ya kung'arishia shaba, na aliyefanya hivyo alikuwa akiiandaa kwa harusi. Rupia zilivaliwa. Zilitobolewa zikaning'inizwa shingoni, zikatiwa vikuku na masonara, zikapelekwa kwenye mahari. Kwa mpimaji wa Florida au California huo ni uharibifu, na kwa kanuni zake hajakosea hata kidogo. Kwa mkusanyaji wa Lindi hiyo ndiyo habari nzima ya sarafu. Ukiituma utarudishiwa kasha zuri lenye neno la aibu juu yake, na mnunuzi wa mtandaoni atalisoma neno hilo kabla hajaitazama sarafu.

Nimeona watu wakijibu hoja hii kwa kusema kwamba hata «Details» angalau inathibitisha uhalali. Sawa. Lakini kwa rupia moja ya fedha uthibitisho wa awali unapatikana mjini. Uzito wake halali ni gramu 11.66, upana wa takribani milimita 30, na fedha yake ni sehemu 917 kwa elfu. Sonara yeyote wa Mtwara ana mizani ya kupima hilo, na atakueleza kama ni fedha. Iliyolika itapungua kidogo, si gramu mbili. Sumaku ikiinasa, mazungumzo yameisha. Vipimo hivi havimkamati mghushi mahiri anayetumia fedha halisi, ni kweli, lakini mghushi mahiri hapotezi muda na rupia moja ya mwaka wa kawaida.

Ndiyo maana naamini swali la kasha kwetu ni zito kuliko swali la kampuni, na linajadiliwa kidogo mno. Sisi tuko kando ya bahari. Upepo una chumvi mwaka mzima, na mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, unyevu hautoki ndani ya kabati mpaka baada ya Aprili. Watu wengi hudhani kasha la kampuni lililobanwa halipitishi hewa. Linapitisha. Limetengenezwa kuzuia vidole na kubadilishwa kwa sarafu, si kuzuia hali ya hewa ya Mtwara. PCGS wenyewe wameyatoa mabadiliko ya rangi ya shaba nje ya dhamana yao. Na ikiwa shaba yako imetoka ardhini karibu na pwani ikiwa na chumvi ndani, ule unga wa kijani mpauko utaendelea kuila ukiwa umefungiwa humohumo, nawe huwezi kuigusa bila kulivunja kasha ulilolilipia.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, tunamnunua wenyewe dukani: vile vifuko laini vya plastiki vinavyokunjika bila kutoa mlio, na kurasa za albamu za bei rahisi zenye harufu ya pazia jipya la bafuni. Hiyo ni PVC. Katika joto letu inatoa kitu kinachonata, cha kijani, kinachoanzia kwenye ukingo wa sarafu na kutambaa kuingia ndani, na kikikaa muda mrefu kinakula chuma. Kikiwa bado kibichi, asetoni safi inakitoa: unaloweka kwenye chombo cha kioo mbali na moto, unatoa, unaacha ikauke yenyewe bila kufuta kwa kitambaa. Si ile ya kuondolea rangi ya kucha iliyotiwa manukato na mafuta. Baada ya hapo weka kwenye kapsuli ngumu ya akriliki inayolingana na upana wa sarafu, au kadi yenye dirisha la plastiki isiyo PVC, kisha ndani ya boksi linalofunga pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu, uvibadilishe mvua zikianza. Gharama ya kutuma rupia moja Marekani inatosha kuhifadhi hivi kopo zima la familia.

Kwa atakayetuma, kuchagua kampuni si kazi kubwa. ANACS ndiyo kongwe, ilianza kuthibitisha sarafu mwaka 1972. PCGS na NGC ni za miaka ya 1980, na ndizo wanunuzi wa nje wanazoziamini zaidi. Zote mbili hupokea sarafu za dunia na tokeni, yaani vibati vilivyotumika badala ya fedha. Mimi kwa sarafu za Kijerumani ningekwenda NGC, kwa sababu kasha lao lenye vijino vinavyoishika sarafu linaacha ukingo uonekane, na ukingo ni sehemu ambayo mghushi hujisahau. Anayeshindana na wakusanyaji wenzake kwenye orodha za makusanyo za PCGS hana uchaguzi, maana orodha hizo hazipokei kasha la mtu mwingine.

Sarafu za masultani wa Kilwa ziko nje kabisa ya ubishi huu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakihesabu kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa na mtu hapa kabla ya mwaka 1863 kuwa masalia, na kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa, hata kama nia yako ni kukipima tu na kukirudisha. Zile shaba ndogo zenye maandishi ya Kiarabu, jina la sultani upande mmoja na sifa za Mola upande wa pili, pande zote mbili zikikutana kwa vina kama beti, hazina sababu ya kupanda ndege. Na gredi haiongezi kitu kwao. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 5 za Kilwa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Akaziweka kwenye kopo, zikakaa humo mpaka 1979. Zimeandikwa sana kwa sababu alikumbuka alipoziokota na mahali hapo pakawekwa alama kwenye ramani. Hakuna aliyeuliza ni za namba ngapi kati ya 70.

Hapo, kwenye kumbukumbu ya kitu kilikotoka, ndipo tokeni zinapoingia, vile vibati vya mashamba ya mkonge walivyopewa vibarua. Kampuni hupenda tokeni iliyomo kwenye katalogi inayotambulika. Kisichokuwemo kinaweza kurudi na maelezo mafupi, au kikarudi kama kilivyokwenda. Wanaojua kibati fulani kilitolewa shamba gani, kwa kazi ya siku au ya wiki, kililipwa duka la nani, hawako Florida. Ni wazee wa Kikwetu na Mingoyo, na wanaulizika leo. Andika majibu yao kwenye karatasi, jina la shamba, mwaka kama anaukumbuka, na nani alikupa, kisha uiweke pamoja na kapsuli. Tumia penseli; wino wa kalamu unavuja unyevu ukipanda.