Tafadhali Usije

Baba mdogo ana stesheneri pale Mwanga, Kigoma, na ndani ya fremu ile miaka iligoma kusogea ilipofika 2001. Huo ndio mwaka lilipotoka toleo la 7 la PageMaker, programu anayopangia kadi za harusi, ratiba za mazishi, vitabu vya risiti vya wauza mawese, kila kitu. Toleo la 8 halijazaliwa mpaka leo. Mwaka 2004 Adobe, wenye mali, walitangaza kwamba hawaiendelezi tena na watu wahamie InDesign, programu yao nyingine ya kazi hiyohiyo. Kwa baba mdogo tangazo hilo halijafika.

Nimejaribu kulifikisha. Nikamwambia na habari za Windows XP, mfumo unaoendesha kompyuta yake, kwamba Microsoft waliacha kuihudumia tangu Aprili 2014. Akaniangalia kwa juu ya miwani.

"Kwani lini walikuja hapa Mwanga kunihudumia?"

Akitaka kunimaliza kabisa hunitajia Liemba. "Meli ile Mjerumani aliiunda 1913. 1916 akaizamisha mwenyewe. 1924 Mwingereza akaiibua, ikabeba watu humu ziwani mpaka nikazaliwa, nikaipanda, nikakupandisha na wewe. Leo kitu cha 2001 unaniambia kimezeeka?" Hapo sina la kujibu, maana kweli nilipanda, na nilitapika mpaka Kasanga.

Tusimwonee lakini. Faili za wateja wake wote zimo humo. Anakuja mtu kutoka Mwandiga, anasema ile kadi ya kaka yangu toa jina lake weka langu, kazi imekwisha, pesa imeingia. InDesign ya mwisho kuweza kuzifungua faili hizo ilikuwa ya CS6, ya mwaka 2012. Za baada yake hazizitambui, na juu ya hilo zinalipiwa kila mwezi. Mzee ana kodi ya fremu ya kila mwezi, hiyo peke yake inamkosesha usingizi.

Balaa lilikuja na umeme. Ulikatika kwa adabu, ukarudi na hasira zake. Kompyuta ikatoa moshi kidogo, ikanyamaza. Fundi akaokoa faili za wateja, akatafuta mashine nyingine ya umri uleule, akaiwekea XP upya, kisha baba mdogo akaitoa CD ya PageMaker kabatini, inakolala pamoja na hati ya kiwanja. Ikawaka. Mzee akashangilia kama kapata mjukuu.

Fonti ndizo hazikurudi. Ile miandiko ya maringo yenye mikia, aliyoikusanya miaka yote, ndiyo iliyokuwa inawaleta kwake kina mama wa Ujiji. Sasa PageMaker ikifungua faili isiikute fonti, inakuletea kidirisha cha kukuuliza itumie ipi badala yake, na usipochagua inaweza kukupa Courier, mwandiko wa taipu ya bomani. Baba mdogo hana ugomvi na vidirisha vya Kizungu. Vyote anavijibu OK.

Courier ina tabia moja: kila herufi inapewa nafasi sawa, "i" inakaa kwa upana uleule wa "m". Maneno yaliyokuwa yamebanana vizuri kwenye kadi yakatanuka, mistari ikaongezeka, wa mwisho ukakosa pa kukaa. PageMaker haikai kimya likitokea hilo. Inaweka kipembetatu chekundu chini ya maandishi, maana yake bado kuna maneno ndani hayajatoka. Ila monita yetu ni ya chogo, na rangi nyekundu ilishakufa siku nyingi. Jezi ya Simba humo ni nyeusi. Baba mdogo, kwa kuwa ni Yanga, hakuwahi kuona kama kuna hasara.

Mteja alikuwa mama mmoja wa Ujiji anayeoza binti. Alisoma majina, akasoma tarehe, akasoma namba za simu mara mbili. Akaguna kuhusu mwandiko, akaambiwa ndio wa kisasa. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya kutoa kopi, nimezingirwa na wanafunzi na vyeti vyao. Kadi mia mbili zikachapwa, zikafungwa kwenye mfuko, zikaenda Ujiji na bajaji.

Mwisho wa kadi palitakiwa pasomeke: "Kutokana na ufinyu wa ukumbi, tafadhali usije na watoto." Mstari uliokosa nafasi ulikuwa na maneno mawili tu.

"Kutokana na ufinyu wa ukumbi, tafadhali usije."

Kadi mia mbili. Juu: tunayo furaha kubwa kukualika. Chini: usije.

Simu zikaanza jioni ileile. Wa kwanza alidhani ni utani. Wa pili akauliza kama ni kwa sababu ya mchango wake kuchelewa. Mama bibi harusi akaja dukani akiwa hana hata nguvu za kugomba, akaketi kwenye kiti cha kupigia pasipoti, akasema, "Baba, umenigombanisha na ukoo mzima." Baba mdogo akamwagizia soda. Halafu akaizima kompyuta, akaiwasha, akaangalia tena, kana kwamba maneno yangetoka na aibu.

Tukapiga simu usiku kucha, mtu mmoja mmoja. Wengi wakacheka, wakasamehe. Shangazi mkubwa wa bibi harusi hakupokea.

Siku ya walima kikaja kirikuu mlangoni mwa ukumbi, kimejaa watoto waliovaa nguo za sikukuu, na kadi ameishika mkubwa wao, wa miaka kama kumi hivi. Mshenga akamuuliza, shangazi yuko wapi?

"Amesema yeye amekatazwa," mtoto akajibu. "Sisi hatujatajwa. Pilau iko upande gani?"