Zabibu Mwitu Iliyogoma Kufa

Ukisikia zabibu usiwaze zile za Dodoma. Ukoo wa mzabibu una ndugu wa porini wasio na adabu hata kidogo, na niliyekutana naye mimi nikikusanya sampuli za mimea, kwenye vichaka vikavu vya Same, anaitwa Cissus quadrangularis. Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alimpa jina hilo mwaka 1767. Laiti angeongeza na onyo.

Shina lake ni nene, lina pembe nne, limebanwabanwa kwenye vifundo kama soseji. Nikalikata kwa mbwembwe, majimaji yakanichuruzika, na kwa mkono uleule nikajifuta jasho shingoni. Kumbe mle ndani mna fuwele za kalsiamu okzaleti, vijisindano visivyoonekana kwa macho. Nilijisugua kwenye gari kama mbuzi mwenye upele.

"Mzee, mbona hukuniambia?" nikamlalamikia dereva.

"Mwanangu, msomi si wewe?"

Sampuli ya shina nene hupasuliwa, au huchovywa kwenye maji yanayochemka ili ife kwanza, ndipo ibanwe kwenye magazeti ikauke. Nilifundishwa hayo, tena nikayapigia mstari daftarini. Lakini kwa muwasho ule nani angechemsha maji? Nililaza shina zimazima ndani ya gazeti, mbao juu, mbao chini, nikakaza mikanda kwa goti. Nikaenda kuliweka juu ya kabati, chumbani kwangu nilikopanga. Magazeti hubadilishwa kila siku. Mimi nilibadilisha mara moja, nikanogewa na habari za michezo, basi.

Wiki ya tatu mama mwenye nyumba akaja kudai kodi. Akanyamaza ghafla, macho juu ya kabati.

"Baba, hicho kinachotuchungulia ni nini?"

Kichipukizi cheupe, kirefu kama kiganja, kilikuwa kimejipenyeza ubavuni mwa mbao, na kijikono chake cha kujishikizia kimeshajizungusha kwenye ndoano ya henga.

"Nyoka!"

Alitoka kinyumenyume. Wakaja wapangaji watatu, mmoja na bomba la maji, mmoja na ufagio, wa tatu na simu ya kurekodi. Nikafungua mikanda mbele yao, mikono ikitetemeka. Chipukizi la pili lilikuwa limetoboa picha ya mgombea ubunge, likatokea puani.

Hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, nilipeleka bahasha tu, maana vifundo vingine vilikuwa vimeachana, vipande tupu. Mhifadhi akasoma lebo yangu: mahali, tarehe, namba ya mkusanyaji. Akachungulia ndani ya bahasha.

"Kijana, hii ni sampuli au mabaki ya futari?"

Kipande kilichochipua mama mwenye nyumba alikichomeka kwenye ndoo ya rangi, na sasa kimeshika ukuta mzima. Mwisho wa mwezi akaniita uani, daftari la kodi mkononi.

"Baba, tuliandikiana mpangaji mmoja. Huyu wa pili analipiwa na nani?"